Uza Nyumba Kimya, Karatasi Ziseme

Wasomaji wengi wenye nyumba Dar es Salaam wanauliza swali lile lile kwa maneno tofauti: nitauzaje nyumba yangu bila mtaa mzima kujua? Mmoja amefiwa na hataki ndugu wa mbali waanze kuhesabu fedha kabla hazijaingia. Mwingine ni mfanyabiashara, naye anajua kwamba habari hizi zikiwafikia wanaomkopesha mzigo watadhani amefilisika. Yupo anayemuuguza mzazi ndani ya nyumba hiyo hiyo na hawezi kuvumilia wageni wanaofungua milango ya vyumba. Yupo pia mwanamke anayeishi peke yake, ambaye kwa haki kabisa anaogopa watu asiowajua wajue mpangilio wa madirisha yake na siku atakayokuwa na fedha. Zote ni sababu njema, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuitangaza nyumba yake.

Tatizo ni kwamba uuzaji tuliouzoea haujui faragha. Unamwambia dalali mmoja, naye anawaambia kumi. Picha zinaingia kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram zikiwa na bei tatu tofauti, na kuanzia siku ya pili geti linagongwa na watu ambao wengine hawana hata nia ya kununua. Nyumba inaweza kuuzwa nje ya purukushani hiyo, tena kwa bei nzuri, lakini kwa sharti moja ambalo makala haya yote yanalisimamia: kila tangazo unaloliondoa, weka karatasi mahali pake.

Sababu iko wazi kwa yeyote anayepita mitaani kwetu. Kuta ngapi zimeandikwa kwa rangi kubwa "Nyumba hii haiuzwi"? Maandishi hayo yapo kwa sababu nyumba zimewahi kuuzwa na wasio wamiliki, na watoto waliowazunguka ndugu zao baada ya msiba, na waume waliowaficha wake zao. Mnunuzi anayasoma kila siku. Ukimwambia aje aone nyumba lakini asimwambie mtu, jambo la kwanza litakalomjia kichwani ni hilo. Majirani, mjumbe na hata kelele za madalali humpa mnunuzi uhakika fulani wa bure, kwamba nyumba ingekuwa na mgogoro mtu angesema. Wewe unauondoa uhakika huo, kwa hiyo ni juu yako kumpa mwingine ulio imara zaidi.

Nani asijue, na nani lazima ajue

Faragha ni kinga yako dhidi ya wapita njia. Haikulindi dhidi ya wenye haki ndani ya nyumba, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapoharibu. Kabla mnunuzi yeyote hajasikia bei, hawa wawe wameshajua:

- Mume au mke, hata kama jina lake halipo kwenye hati. Kwa mwenye wake zaidi ya mmoja, hesabu hiyo ni ya wote wanaohusika na nyumba hiyo.
- Warithi wenzako, kama nyumba ni ya marehemu. Kuwa kifungua mimba hakukupi mamlaka ya kuuza; mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.
- Kila mtu ambaye jina lake limo kwenye hati.
- Benki, kama hati iko rehani.

Utasema: mwenzangu nitamwambia mambo yakishakamilika, nisimpe presha bure. Hayatakamilika. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inampa mnunuzi mwenyewe wajibu wa kuuliza kama ridhaa hiyo ipo. Maana yake ni kwamba mnunuzi makini, yule hasa unayemtaka, ataleta wakili atakayeuliza swali hilo siku ya kwanza. Anayekubali kununua bila kuuliza ama hajui anachofanya ama anategemea kukubana bei kwa sababu anajua unaficha. Na mwenza akizipata habari kwa watu wengine, anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Zuio likishaingia kwenye daftari, kila anayefanya upekuzi ataliona, na siri uliyoilinda miezi kadhaa itakuwa imeandikwa kwenye kumbukumbu za serikali.

Wapangaji ni suala la wakati. Si lazima wajue unapoanza, lakini wajue kabla ya mkataba kusainiwa, kwa sababu aliyelipa kodi ya miezi sita ana miezi yake, na mnunuzi lazima aipokee nyumba akijua hilo. Na ikiwa nia yako ya kuuza kimya ni kuwakimbia wadai au kukwepa hukumu ya mahakama, ushauri huu haukuhusu. Mauzo ya namna hiyo hubatilishwa, na anayeumia ni mnunuzi asiye na hatia.

Kama nyumba haina hati

Niseme ukweli mapema ili usipoteze muda. Nyumba nyingi za jijini zimejengwa kwenye maeneo ambayo hayakupimwa, na wenye nazo wana mkataba wa mauziano wa zamani au leseni ya makazi. Kwa nyumba hizo ukimya kamili hauwezekani, wala usiutafute. Pale ambapo hakuna ramani ya upimaji, wanaojua mpaka wako ni majirani, na ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo inayokutambua kama mwenye nyumba. Mnunuzi anayenunua bila mashahidi hao ananunua kesi. Unachoweza ni kuwapanga kwa zamu: tafuta mnunuzi kimya, mkubaliane bei kimya, kisha muwaite majirani wa mipaka na mwenyekiti wa mtaa siku ya kuthibitisha mipaka na kusaini. Watajua, lakini watajua siku moja badala ya kulizungumza miezi sita. Fedha yoyote utakayotakiwa kulipa ofisini, idai risiti ya serikali.

Wenye muda wangefanya vizuri zaidi kupima na kuomba hati kwanza. Huchukua miezi, wakati mwingine zaidi, lakini nyumba yenye hati ya miaka 33, 66 au 99 huuzika kwa mtu ambaye hakijui kabisa kitongoji chako, na huyo ndiye mnunuzi anayefaa kwa mauzo ya kimya.

Faili kabla ya mteja

Katika mauzo ya kawaida watu huanza na mteja, karatasi hutafutwa baadaye huku mteja akisubiri na jirani akichungulia. Geuza utaratibu. Kila wiki mnunuzi anayoingojea karatasi ni wiki ya yeye kuuliza mtaani, na akishaanza kuuliza mtaani ukimya umekwisha. Faili liwe na:

- Hati halisi na ramani ya upimaji, pamoja na kitambulisho chako cha taifa chenye majina yale yale. Majina yakitofautiana, rekebisha sasa hivi kwa wakili.
- Majibu ya upekuzi rasmi kutoka kwa Msajili wa Hati, yawe ya karibuni.
- Uthibitisho kwamba kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka huu. Uhamisho wa miliki hukwama hapa kuliko watu wanavyodhani.
- Ridhaa ya mwenza kwa maandishi, au barua ya usimamizi wa mirathi.
- Bili za maji zilizolipwa, na namba za mita zote za umeme. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo hakikisha hakuna mita iliyoacha kutumika ikabaki na deni.
- Kibali cha ujenzi na michoro, kama vipo.
- Risiti za ulichotumia kununua, kujenga na kukarabati.

Hizo risiti za mwisho hupuuzwa, kumbe ni fedha. Kodi ya faida ya mauzo kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote, na faida hupatikana kwa kutoa gharama zilizothibitishwa. Nyumba ya kuishi uliyoimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, ukaishi ndani yake jumla ya miaka 3, haiingii kwenye kodi hiyo ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Asiye mkazi hutozwa kiwango cha juu zaidi. Peleka hesabu zako TRA mapema, maana miliki haihamishwi kabla kodi hiyo haijamalizwa.

Onyo ambalo naomba ulichukue kwa uzito: usimpe mtu nakala ya hati kwa sababu tu amesema anataka kununua. Nakala safi mkononi mwa tapeli inatosha kumwibia mtu mwingine kwa kutumia jina lako. Kwa hatua ya mwanzo mpe namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati. Kwa hizo wakili wake atafanya upekuzi mwenyewe, na atayaamini zaidi majibu aliyoyaleta yeye kuliko karatasi uliyompa wewe. Nakala itoke pale tu mazungumzo yanapofika kwa mawakili, ikiwa imeandikwa katikati jina la anayepewa na tarehe.

"Lakini kimya kitanipunguzia bei"

Hili ndilo pingamizi lenye nguvu kuliko yote, na sitalipuuza. Bei nzuri hutokana na watu wanaoshindana, na kuuza kimya kunapunguza washindani. Mtu mmoja akiwa mbele yako, naye akahisi hakuna mwingine, atakupa bei ya mtu mmoja. Kwa hiyo mwenye nyumba ya kawaida, katika mtaa wenye nyumba nyingi zinazofanana nayo, ambaye hana sababu ya maana ya kuficha, ningemshauri atangaze tu. Ukimya una gharama. Ulipe pale unapokupa kitu.

Wenye sababu wanaweza kuipunguza gharama hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuijua bei kabla ya kuulizwa. Mwite mthamini aliyesajiliwa, chini ya sheria ya wathamini ya 2016, akuandalie taarifa. Ataingia siku moja, atapima, ataondoka, na jirani atadhani ni fundi. Taarifa hiyo ina kazi mbili mezani: inakuzuia kudai bei ya ndoto, na inamzuia mnunuzi kudai kwamba bei umeitunga. Ya pili ni kutozungumza na mtu mmoja mmoja kwa mfuatano. Tafuta watu watatu au wanne wenye uwezo, wape nafasi ya kuona ndani ya wiki moja, na uwape wote siku ile ile ya mwisho ya kuleta bei kwa maandishi. Huhitaji umati ili pawe na ushindani. Wawili wenye fedha wanatosha.

Watu hao hupatikana wapi bila tangazo? Mara nyingi kwa wataalamu waliozoea kutunza siri za wateja: wakili, mhasibu, mthamini, meneja wa benki anayejua nani ameomba mkopo wa nyumba. Jirani wa ukuta naye ni mnunuzi anayesahaulika, kwa kuwa kiwanja chako kina thamani kubwa kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mfikirie wa mwisho, hata hivyo, kwa sababu akikataa tayari anajua.

Dalali mmoja, kwa maandishi

Unaweza kuuza bila dalali, lakini dalali mzuri ana faida: anasimama kati yako na mnunuzi, na jina lako halitajwi mpaka lazima. Ubaya uko kwenye namna anavyolipwa. Baadhi ya madalali hutoza wateja fedha ya kuzungushwa, na kwa dalali wa aina hiyo kila anayeletwa getini kwako ni mapato, anunue asinunue. Wengine huishi kwa cha juu: wewe unataja bei yako, yeye anamtajia mnunuzi nyingine, na tofauti inakuwa yake. Ili cha juu kifanikiwe, wewe na mnunuzi msikutane mapema. Na ili apate mtu wa kukubali, lazima aisambaze nyumba kwa madalali wenzake. Njia zote mbili ni adui wa faragha. Mpango wenu uandikwe, usainiwe, na useme:

- Anaifanya kazi hii peke yake, kwa muda uliowekwa, kwa mfano siku 60.
- Kamisheni yake ni asilimia inayojulikana ya bei halisi, italipwa mnunuzi akishalipa. Hakuna cha juu.
- Hatoi picha, bei wala mahali nyumba ilipo kwa dalali mwingine, kundi au ukurasa wowote.
- Hatozi mteja fedha ya kuonyeshwa nyumba.
- Hamleti mtu ambaye hujapewa jina lake kamili siku moja kabla.

Atalalamika kwamba masharti haya yanamfunga mikono. Ni kweli, na ndiyo sababu kamisheni yake iwe nono kidogo kuliko ya kawaida. Akikataa kusaini hata baada ya hapo, umejua jambo muhimu kabla halijakugharimu.

Picha na simu

Siku hizi siri haivujishwi na mdomo, huvujishwa na simu. Piga picha za ndani kwanza: sebule, jiko, vyumba, ua. Geti, ukuta wa nje, namba ya nyumba, gari lenye namba zake na mnara wa msikiti au kanisa unaoonekana dirishani visionekane. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za mahali ilipopigwa huondolewa. Ikitumwa kama faili hubaki nazo, kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla hujaanza. Mtumie kila mtu seti yenye alama yake ndogo, hata ikiwa ni mpangilio tofauti wa picha. Zikionekana mahali pengine, utajua zimetokea kwa nani. Video fupi unayomwonyesha mnunuzi kwa simu, wewe mwenyewe ukiwa umeishika, huchuja wengi ambao wangekuja kuona tu.

Siku ya kuonyesha

Geti lifunguke kwa mtu ambaye tayari ameonyesha mambo mawili: kitambulisho, na ushahidi kwamba fedha zipo, iwe taarifa ya benki au barua ya mkopo ulioidhinishwa. Mnunuzi wa kweli haoni aibu kuonyesha, hasa ukiwa na faili lako tayari upande wako. Mwenye kukasirika mwache aende. Aje na mtu mmoja, wa familia au fundi wake, siku ya kazi wakati watoto wako shule. Ondoa mezani barua, dawa, hati na picha za familia. Funga chumba cha mgonjwa na useme wazi kwamba kitaonekana siku nyingine.

Dada wa kazi na mlinzi wasiachwe wabunie. Wao ndio wanaoulizwa na mtaa, na mtu asiyeambiwa kitu hujaza pengo kwa anachokidhani. Waambie kwamba kuna wageni wanakuja kuhusu nyumba, na akiulizwa mtu ajibu kwamba mwenye nyumba ndiye anayejua. Usiwafundishe uongo. Waambie pia kama ajira yao itaendelea, maana hofu ya kibarua ndiyo inayowafanya wakaulize nje.

Mezani kwa wakili

Hapa kimya kinakoma kati yako na mnunuzi. Kila mmoja awe na wakili wake, bei iliyoandikwa iwe bei halisi, na kasoro unazozijua zisemwe: paa linalovuja, ukuta uliovuka mpaka, maji yanayojaa masika. Ombi la kuandika bei ndogo ili kodi ipungue litakuja, pengine kwa sauti ya upole. Kataa. Mbali ya kuwa ni kosa, linamfunga na mnunuzi, ambaye siku akiuza faida yake itahesabiwa kutoka kwenye bei hiyo ya uongo.

Ukitaka, mkataba uwe na kipengele cha kutotangaza bei wala majina. Mawakili wanajua kukiandika. Malipo ya awali na ya mwisho yapite benki, kwenye akaunti yenye jina la mmiliki. Kwa kiasi kikubwa cha fedha benki hutumia TISS, mfumo wa malipo kati ya benki na benki, na fedha hufika bila mtu kubeba begi. Usisaini hati ya uhamisho kabla benki yako yenyewe haijakuthibitishia kwamba fedha zimeingia. Ujumbe wa simu au picha ya risiti si uthibitisho. Aliye Muscat, London au kwingineko anaweza kumpa mtu mamlaka ya kisheria ya kuuza kwa niaba yake, lakini hati hiyo isajiliwe kwa Msajili, itaje nyumba moja tu, na isimpe mwakilishi ruhusa ya kupokea fedha.

Kukabidhi na kuhama

Kabidhianeni nyumba kwa karatasi kama mlivyouziana: orodha ya funguo, usomaji wa mita ya maji, namba za LUKU, vitu vinavyobaki na vinavyoondoka, sahihi mbili na tarehe. Siku hiyo hiyo, ukiwa na mnunuzi, mtambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa mipaka. Sasa hakuna cha kuficha, na kwake utambulisho huo ni ulinzi: jirani aliyemwona mkono kwa mkono na wewe hatashawishika na mtu atakayekuja mwakani akidai nyumba ni yake. Mwambie dalali afute picha zote na uone akizifuta. Nakala za mkataba, risiti za TRA na uthibitisho wa benki zitunze mahali unapotunza vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa maswali kuhusu nyumba iliyouzwa huweza kuja miaka mingi baadaye, na atakayeulizwa huenda asiwe wewe.